Risasi za udongo kwa tumbili wa Kikoneni

Mahindi yakianza kukomaa Kikoneni, tumbili na nyani huingia shambani alfajiri, mlinzi hajapanda dunguni. Bunduki isahau. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura 114, haimruhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali, hata kama ni rahisi kuliko za dukani.

Manati yatosha. Mpira wake ukate kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Risasi ni udongo wa mfinyanzi: finyanga goroli za ukubwa wa kunazi, anika kivulini siku kadhaa. Wenye haraka huzianika juani, zikapata nyufa. Lenga shina la mti, si mnyama. Mlio ndio unaomfukuza. Gharama ni jasho tu.