Ardhi Ikitikisika Tena: Nyumba, Shule na Kanisa Siku za Mitetemeko

Masomo: Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 18:22 na 22:8



Sisi tunaoishi kati ya milima na ziwa Tanganyika tunalijua tetemeko la ardhi. Lile kubwa linapita kwa sekunde chache tu. Siku zinazofuata ndizo zinazotuchosha. Usiku sahani zinagongana, mtoto anaruka kitandani, mama anabeba mkeka kwenda kulala uwanjani. Asubuhi mwalimu anakuta nusu ya darasa haikuja. Na siku hizo hizo ujumbe unazunguka kwenye simu: "Leo saa nane ya usiku litakuja lingine kubwa, mtumishi ameonyeshwa." Tunataka kufundisha namna Mkristo anavyopita katika siku hizo.

Kwa nini ardhi inarudia kutikisika

Tunakaa ndani ya Bonde la Ufa. Toka ziwa Albert, Edward na Kivu mpaka Tanganyika, ardhi ya mashariki na ya magharibi zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba inashikana, nguvu inajikusanya kwa miaka mingi, kisha siku moja inateleza. Ziwa letu lenyewe, lenye kina cha karibu mita 1,470, ni ufa uliojaa maji.

Baada ya mtelezo mkubwa, miamba ya pembeni inaendelea kujipanga. Akina mama wataelewa upesi: mtoto amekwisha kuzaliwa, lakini tumbo bado linauma, linaacha, linauma tena, na kila siku maumivu yanapungua. Mwalimu mmoja wa Japani, Fusakichi Omori, aliandika kanuni yake mwaka 1894. Kwa kawaida, siku ya pili mitetemeko inakuwa karibu nusu ya ile ya siku ya kwanza, na siku ya kumi karibu sehemu moja ya kumi. Mara nyingi yote ni midogo kuliko tetemeko la kwanza. Mara nyingi, si kila mara; kwa hiyo tusilale ndani ya nyumba iliyopasuka kwa kusema kwamba yamekwisha.

Tusitafute mwenye kosa

Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane mchana, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa letu, upande wa Kalemie, na nyumba zikaanguka. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, lingine la 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda. Ilikuwa saa ya ibada. Huko Rwanda makanisa yaliangukia waabudu, na watu zaidi ya 30 wakafa katika nchi ile. Siku 11 baadaye, tarehe 14 Februari, ardhi ilitikisika tena kwa nguvu.

Je, waliokufa wakiwa wanaimba walikuwa na dhambi kuliko sisi tuliobaki? Yesu aliletewa habari ya namna hiyo. Akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akawaita wote watubu. Basi toba ni ya kila mmoja wetu. Kumwonyesha kidole mjane wa jirani, au kusema mtoto fulani ni mchawi ndiye aliyeleta tetemeko, ni kumpinga Yesu mwenyewe.

Tusipokee saa zinazotangazwa

Watafiti wa Lwiro wanapima mitetemeko ya eneo letu, lakini hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Anayesema Mungu amempa saa, apimwe kwa Kumbukumbu 18:22: neno lisipotimia, Bwana hakulisema, na mtu huyo asiogopwe. Lakini usingoje saa ipite ndipo upime. Ujumbe wa namna hiyo ukifika kwenye simu yako, ufie hapo. Kila unayemtumia atawaamsha watoto wake usiku, na wazee watakimbia gizani na kuumia bure.

Nyumbani

Torati ilimwamuru mwenye nyumba ajenge ukuta mdogo kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Kuandaa nyumba ni kutii.

Zunguka nyumba mchana. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha ukipanda kwa mshazari, weka alama ya makala mwisho wake na uandike tarehe. Ukipita alama, au mlango ukianza kukwama, msilale humo. Teremsha mawe tuliyoweka juu ya mabati kwa ajili ya upepo. Funga mabati kwa misumari. Usimlaze mtoto chini ya ukuta wa matofali mabichi. Zima mbabula kabla ya kulala. Mnaokaa kando ya Mulongwe na mitelemko mingine, angalieni mlima pia, hasa mvua ikinyesha. Mnaokaa ufukweni, mkiona maji yanarudi nyuma baada ya mtikisiko mkali, pandeni juu mara moja.

Mtoto akikojoa kitandani au akikushika nguo kutwa nzima, usimpige wala usimcheke. Akiuliza, "Mama, litakuja lingine?" mwambie ukweli: "Linaweza kuja, na tunajua la kufanya." Kisha mwonyeshe. Mtoto aliyeonyeshwa mahali pa kusimama analala vizuri kuliko aliyedanganywa.

Shuleni

Walimu wapendwa, ikiwa jengo limekaguliwa na ni zima, fungueni. Ikiwa lina ufa, fundisheni chini ya mwembe. Ratiba ya kawaida ni dawa kwa mtoto. Anzeni siku kwa dakika tano za mazoezi: aliye karibu na mlango unaotoka uwanjani anatoka bila kusukumana, aliye mbali anaingia chini ya dawati na kufunika kichwa kwa mikono. Mtikisiko ukiacha, wote uwanjani, mbali na kuta, na mwalimu anaita majina. Msongamano mlangoni unaweza kuumiza watoto hata pale ambapo ukuta haukuanguka.

Kanisani

Wachungaji na mashemasi, milango yote ifunguliwe wakati wa ibada, na viti visizibe njia. Jengo likiwa na mashaka, tuabudu nje. Kule Filipi, kuta za gereza zilipotikisika usiku, Paulo alipaza sauti kumtuliza mtu aliyetaka kujiua kwa hofu, akamwambia kwamba wote wapo. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa usiku wa mitetemeko: kuita majina, kujua nani yuko peke yake, kumpelekea blanketi na uji.

Tuombe wiki hii

Tuwaombee waliofiwa na waliobomolewa nyumba. Tuwaombee walimu na watoto. Tuombe roho ya kiasi kwa wote wanaosimama madhabahuni. Na baada ya "Amina", kila baba na kila mama achukue kipande cha makala, azunguke nyumba yake.