UYOGA WA MDUDU NA FIGO YA MPWA WANGU

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nalishuka matatu pale Olympic, nikateremka kwa miguu mpaka Kianda, huko Kibera, kapu la mabalungi mkononi. Mtu wa pwani haendi bara mikono mitupu, na mabalungi yale yalitoka katika mti alioupanda marehemu baba yetu uani kwetu Mombasa. Dada yangu amepanga Kianda miaka mingi. Mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye sababu ya safari yangu, alipandikizwa figo miaka miwili iliyopita. Figo yenyewe alipewa na ndugu yake wa kike.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Haya, kata balungi ule. Utamu wa kwenu huo."

Kijana akacheka, asiliguse. "Mjomba, hilo kwangu sumu. Daktari amenikataza."

Nalidhani ananifanyia mzaha, kumbe ni kweli tupu. Balungi huuzuia mwili usiivunje dawa anayokunywa, dawa ikajaa damuni kupita kiasi. Nayo ikizidi huidhuru figo ile ile inayolindwa. Kapu langu likapelekwa kwa jirani.

Dawa yenyewe yaitwa saiklosporini. Ni kidonge laini chenye harufu ya kukirihisha, humezwa asubuhi na jioni, saa zile zile, muda wote figo ingalipo. Mwili wa mwanadamu, wasomaji wapenzi, ni kama mji wenye mabawabu wakali: mgeni akionekana hupigwa. Na figo ya mtu mwingine, ijapokuwa ya ndugu wa tumbo moja, ni mgeni. Dawa hii huwatuliza mabawabu.

Lakini si balungi lililoninyima usingizi usiku ule. Ni kopo nililoliona juu ya kabati, lenye picha ya kiwavi aliyeota kijiti kichwani. Mpwa wangu aliuziwa na mchuuzi, akaambiwa ni uyoga wa mdudu kutoka milima ya China, unaoponya figo bila ya kemikali. Siku nne alikuwa akimeza kidonge cha hospitali asubuhi tu. Jioni akimeza cha kopo. Mama yake hakuwa na habari.

"Kwa nini, baba?"

"Hela, mjomba. Halafu hii ni ya asili. Ile nyingine ni mambo ya kiwandani."

Nikamwambia, kaa kitako. Maana habari hizi za kuvu na wadudu nimezifuata kitambo, tangu siku nilipokwenda kuandika juu ya nzi wanaoharibu maembe yetu.

Ziko kuvu zinazoishi kwa kuua wadudu. Kijimbegu chake, kidogo kisichoonekana kwa macho, humgandama mdudu mgongoni, kikachipua, kikalitoboa gamba. Si lazima mdudu ale kitu. Kikishaingia huenea katika damu yake, na baada ya siku chache mdudu hufa, kisha kuvu ikatokeza nje kutawanya vijimbegu vingine. Mtaliano Agostino Bassi ndiye aliyeonyesha mwaka 1835 kuwa ugonjwa uliokuwa ukimaliza viwavi wa hariri waletwa na kuvu. Mdudu naye ana mabawabu wake. Hapana budi kuvu iwashinde. Ndiyo maana hubeba kemikali za ajabu, na ndiyo maana matabibu wamezitamani. Mwalimu wetu wa chuoni, alipotufikisha Sura ya Nyuki, alitueleza kuwa tumboni mwa mdudu mna dawa. Hakutwambia kuwa hata katika maradhi ya mdudu mna dawa.

Saiklosporini ilipatikana hivi. Kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, iliwataka wafanyakazi wake wanaokwenda likizo warudi na udongo kidogo katika mfuko. Mmoja akarudi na udongo wa nyanda za Hardangervidda, Norwe. Ndani yake ikaonekana kuvu, na mwaka 1972 ikagunduliwa kuwa kitu kinachotoka humo chatuliza kinga ya mwili. Mwaka 1978 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walikuwa wakiwapa wagonjwa waliopandikizwa viungo, na mwaka 1983 Marekani ikairuhusu. Miaka yote hiyo kuvu ile ilijulikana kuwa ya udongo tu. Mwaka 1996 ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walipotangaza kuwa ni sura moja ya uyoga unaoota juu ya buu la dundu.

Mpwa wangu akakitazama kidonge cha hospitali, akalitazama kopo.

"Basi zote mbili ni za mdudu?"

"Zote mbili. Tofauti ni kwamba hii imepimwa, na damu yako hupimwa kwa ajili yake. Ya kopo nani amekupimia?"

Siutukani uyoga wa kopo. Ule wa kweli huota juu ya viwavi walio chini ya ardhi katika milima ya Tibet na Nepal, na watu wa huko wameutumia karne nyingi; bei yake imepata kushinda dhahabu kwa uzani. Lakini vingi vya makopo havikuchumwa mlimani, vimeoteshwa viwandani, kwa hiyo habari ya "bila ya kiwanda" tuiache. Na wauzaji wausifu kwa lipi? Kwamba waamsha kinga ya mwili! Kwa kijana huyu kuamsha kinga ni kuwaita mabawabu waje kumvunjia mlango dada yake.

Alipolala nikakaa na dada yangu nje, penye magunia yake ya sukuma wiki, vidukari wamejaa majanini. Nikamweleza kuwa upande wa pili wa Nairobi, Kasarani, kiko kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Humo wamekusanya kuvu za kuua wadudu na kuzipa nambari. Ya 69, iliyotoka katika udongo wa Kongo mwaka 1990, imekuwa silaha dhidi ya nzi wa maembe. Ya 78 ilitoka katika mdudu aliyeokotwa Ungoye, kando ya Ziwa Viktoria. Na Tanzania, mwaka 2009, kuvu ya namna hiyo ilinyunyiziwa nzige wekundu badala ya sumu.

Hayo ni ya mashamba, nayo nayasifu. Ila naona kijicho nikikumbuka ule mfuko wa Norwe. Mfanyakazi wa kampuni yuko likizoni, achota udongo wa watu, na hadi leo kijana wa Kianda anunua matunda yake kwa hela inayomfanya apunguze dozi. Sisi tuna Arabuko-Sokoke, tuna Kakamega, tuna vilima vya Taita, na msitu wa Ngong wauona ukisimama hapa hapa Kibera. Nani atakayetia udongo wetu mfukoni, kwa jina letu na kwa faida yetu, atafute dawa ya binadamu na si ya maembe tu?

Jumatatu alfajiri tulikwenda kliniki pamoja, kopo ndani ya mfuko wa rambo. Kijana akasema yote, hakuficha. Daktari hakumfokea, alilishika kopo akalisoma pande zote, akaliweka chini ya meza, akamtoa damu. Majibu yalirudi Alhamisi: dawa imeshuka damuni, lakini figo yafanya kazi. Dozi irudi kama awali, na apimwe tena baada ya wiki mbili.

Sasa kila siku saa mbili za usiku nampigia simu. "Umeshameza?" namuuliza, naye hunijibu, "Nimemeza mjomba, niache nilale."