Majira Katika Bustani ya Uani



Kila mwaka twaulizwa ni siku gani ya kutoa miche ya mikarafuu kitaluni na kuipeleka shamba. Jawabu halimo katika tarehe. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi, nao wapungukiwa siku kama 11 kwa mwaka wa jua. Ndiyo sababu Ramadhani hutukuta mara katika masika, mara katika kaskazi. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya Nairuzi, wakizigawa siku kwa makumi, yaani miongo, na kwayo nahodha na mkulima walijua walipo. Lakini hata kalenda ya jua haiamuru mvua: vuli ya 1997 ilimwagika kupita kiasi ikavuka hadi 1998.

Basi tutazame uani. Nimepata kuiangalia bustani ya jamaa zangu huko Makorora, Tanga. Tanga na Pemba zaelekeana, na pepo zao ni zile zile, ila Pemba hupata mvua zaidi. Uani pana mwembe, mpapai, bamia, mchicha, na miche michache ya mikarafuu chini ya makuti, ikingojea kupelekwa milima ya Muheza, ambako mkarafuu husitawi.

Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hata Machi, mchicha hulegea saa sita ijapokuwa ulinyweshwa asubuhi. Huo ndio wakati wa kufa mche wa mkarafuu, kwa kuwa mizizi yake midogo i juu juu. Na mche ukifa si hasara ya mche tu: mkarafuu hutaka miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na hesabu yote huanza upya.

Kisha huja tangambili, upepo haujui uendako, joto hukaba. Mvua ya kwanza hunyesha, kumbikumbi hutoka, na watu hukimbilia majembe. Hapa ndipo wengi hupotea. Mvua moja si masika! Chimba ardhi, ukikuta unyevu umeshuka shubiri mbili, na kusi imeshika, panda. Mche utakuwa na Aprili na Mei za kushika mizizi, kisha kipupwe chenye baridi kidogo na manyunyu ya mchoo. Mwembe ukichanua katika kipupwe hicho, tazama mche wako: ukiwa na majani mapya mekundu, umeshika.

Apandaye katika vuli simlaumu, lakini muda wake ni mfupi, kaskazi i nyuma yake. Na asimamishe makuti upande wa magharibi, maana jua la alasiri ndilo lichomalo, atandaze majani makavu shinani, na awe na kisima karibu.

Mwanachama mwenye daftari aandike siku ya mvua ya kwanza, siku aliyopanda, na idadi ya miche iliyo hai kaskazi ikiisha. Daftari hizo zitapokewa afisini, tuzilinganishe shamba kwa shamba.