Lebo Haivaliwi

Vazi linalotamanisha pichani limeundwa na mambo manne: umbo lake juu ya mwili, kitambaa chake, rangi zilizokaa pamoja, na urefu wa kila kipande. Yote manne hupatikana katika rundo la mitumba la mjini Kamina, Kongo, kwa subira kidogo na fundi mmoja mwenye mkono mzuri. Jina la mbunifu halimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, ndilo jambo la kwanza kuulizwa: koti linainuliwa, shingo inafunuliwa, lebo inasomwa, na isipokuwa na jina la Paris au Milano, koti linatupwa chini kabla halijagusa bega la mtu. Dakika chache baadaye mnunuzi yuleyule anaondoka na koti linalompwaya kama gunia, ameridhika, kwa sababu jina lililoandikwa ndani aliwahi kulisikia katika wimbo.

Imani hiyo ina asili yake. Sape, ule utamaduni wa utanashati wa Kinshasa na Brazzaville, ilijengwa juu ya griffe, yaani jina la mbunifu. Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949 na kuanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, aliufanya unadhifu kuwa sehemu ya muziki wenyewe, na majina ya wabunifu wa Ufaransa, Italia na Japani yakaingia midomoni mwa vijana ambao hawakuwa wamewahi kuona madirisha ya maduka hayo. Zama hizo, upande wa Kinshasa, suti na tai zilikuwa zimeharamishwa na Rais Mobutu. Mtumishi wa serikali alivaa abakosti, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka hotuba ya 24 Aprili 1990. (Abakosti nayo, vazi la kuukataa Uzungu, ilikuwa na griffe yake: nyingine zilishonwa na Arzoni wa Zellik, Ubelgiji.) Katika hali hiyo lebo ilifanya kazi ya muhuri katika pasipoti. Ilishuhudia kwamba aliyeivaa alifika Ulaya, akahangaika huko, akanunua, akarudi.

Ubovu wa kwanza wa imani hiyo ni kwamba mnunuzi wa mitumba ameirithi heshima ya ushahidi huo bila ushahidi wenyewe. Koti lililofunguliwa kwenye robota limesafiri lenyewe: lilichokwa na mtu wa Ulaya au Amerika, likakusanywa, likachambuliwa, likabanwa kwa mashine, likashuka bandarini, likapitia Lubumbashi na kufika Kamina kwa reli au kwa lori. Safari ya aliyelivaa haimo. Biashara hii wala si ngeni katika ukanda huu. Kabla ya uhuru nguo zilizotumika zilivushwa kwa magendo kutoka Kongo ya Wabelgiji kuingia Rhodesia ya Kaskazini, na Wazambia wa leo wanaiita bidhaa hiyo salaula. Kizazi baada ya kizazi kimevaa vizuri kutokana na marundo hayo, tena bila kusoma shingo ya koti.

Kuna ubovu wa pili, nao ni wa kiufundi. Lebo ni kipande cha utepe kilichoshikwa kwa mishono michache. Fundi yeyote huifumua kwenye koti lililochanika na kuihamishia kwenye koti jingine kwa muda mfupi kuliko ule wa kubishana bei. Dalili zake zinaonekana kwa anayetaka kuziona: uzi wa lebo una rangi tofauti kidogo na uzi wa bitana, mishono imepenya mpaka upande wa pili ilhali kiwandani lebo hushonwa kwenye bitana kabla bitana haijaungwa na koti, na pembeni yake kuna safu ya vitundu vya sindano vilivyoachwa na lebo iliyotangulia. Zaidi ya hapo, hata lebo ya kweli haisemi mengi. Pierre Cardin aliuza haki ya kutumia jina lake kwa mamia ya watengenezaji duniani, wa bidhaa za kila aina, na koti lenye jina hilo linaweza kuwa limetoka kiwanda kizuri au cha hovyo. Anayeling'ang'ania amenunua herufi.

Ubovu wa tatu ndio unaoharibu mavazi mengi zaidi, na ajabu ni kwamba hautajwi kabisa. Jumba moja la mitindo halishoni mkato mmoja miaka yote. Giorgio Armani, aliyeanzisha jumba lake mwaka 1975, alijipatia sifa kwa kutoa vitu vigumu ndani ya koti na kuliacha lining'inie kwa ulegevu kutoka bega pana. Dior ya wanaume chini ya Hedi Slimane, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitoa makoti membamba yanayobana mbavu. Kijana anayetaka umbo la picha ya mwaka 1985 anaweza kulipata katika koti la duka la kawaida la Ubelgiji la mwaka huohuo, lisilo na jina la kujivunia, lakini hatalipata katika koti lililoshonwa miaka 20 baadaye, hata likiwa na jina lilelile la kwenye picha. Mkato una tarehe. Lebo ya shingoni haina.

Wasapere wazoefu wanalijua hili hata wanapojigamba kwa majina. Kanuni yao inayofahamika zaidi, ya kutozidisha rangi tatu katika vazi moja, haihusu jina la mtu yeyote. Mwaka 2009 mpiga picha Daniele Tamagni alitoa kitabu cha picha za wanaume watanashati wa Bacongo, Brazzaville, na mmoja wao amevaa suti ya waridi na kofia nyekundu. Mbunifu Mwingereza Paul Smith alizichukua picha hizo zikawa msingi wa mavazi yake ya kike ya majira ya joto ya 2010. Alichonakili ni rangi na namna zilivyopangwa. Griffe ya London ilikuja kujifunza Bacongo, na bado Kamina kuna anayelirudisha koti chini kwa kukosa griffe.

Lebo yenye faida ipo, ila ni ile ndogo, mbaya, iliyojificha kwenye mshono wa ubavuni au ndani ya mfuko wa koti. Hiyo hutaja nyuzi za kitambaa, jambo ambalo ni la lazima kisheria katika nchi za Umoja wa Ulaya. Sufi itaandikwa *laine* kwa Kifaransa na *lana* kwa Kiitaliano. Pamba ni *coton* au *cotone*. Kitani ni *lin* au *lino*. Lebo hiyo ikiwa imekatwa, uzi mmoja uliochomolewa kwenye akiba ya mshono na kuwashiwa kiberiti hutoa jibu: sufi hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni, pamba huungua kama karatasi, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Tofauti hiyo huonekana hata kwa mbali. Sufi huanguka kwa uzito wake na kunyooka usiku ikitundikwa. Poliesta ya bei ya chini hung'aa chini ya jua la kiangazi na kumfanya aliyeivaa avuje jasho kabla ya saa nne asubuhi.

Picha ya vazi la kuigwa nayo husomwa kwa utaratibu. Mfano ulio karibu na kila Mkongo ni Patrice Lumumba wa siku ya uhuru, 30 Juni 1960: suti ya rangi nzito, shati jeupe, tai ya kipepeo, miwani yenye fremu nzito upande wa juu. Kinachotambulisha vazi hilo kwanza ni umbo. Makoti ya mwanzo wa miaka ya 1960 yana kola nyembamba zinazolala kifuani, bega linaloishia pale mfupa unapoishia, na suruali isiyopwaya. Kwa hiyo rundoni hutafutwa koti jeusi au la buluu nzito la sufi nyepesi lenye bega sahihi, na kola ikiwa pana kidogo tu hilo linavumilika. Bega hupimwa ukutani: aliyevaa husimama ubavu ukielekea ukuta na kuusogelea polepole; pedi ya bega ikigusa ukuta kabla ya mkono, koti ni kubwa na lirudi rundoni. Tai ya kipepeo haihitaji kutafutwa. Tai ndefu pana ya hariri, ya aina ambayo hakuna anayeitaka tena na ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa, ina kitambaa cha kutosha kukata ya kipepeo. Shati ni la pamba nyeupe, na ukosi ukiwa umechakaa fundi huufumua, huugeuza na kuushona upya, upande mzima ukatazama nje. Vazi zima linakamilika bila jina hata moja la mbunifu. Hakuna anayemkumbuka Lumumba kwa fundi wake.

Kwa wanawake ugonjwa wa lebo hukaa pembeni mwa kitenge. Maandishi ya Vlisco, kiwanda cha Helmond, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1846, husomwa kwenye pindo kama andiko takatifu, na wapo wanaoyaacha yaonekane hata libaya likishashonwa. Wanaoiga kitambaa huiga na pindo. Kuchapa maneno ni kazi rahisi kuliko kuchapa nta. Kitambaa kigeuzwe. Kwenye wax ya kweli, yaani kitenge kilichochapwa kwa nta, mchoro umekolea pande zote mbili, na mistari myembamba ya nyufa za nta hairudii mahali pamoja kila mchoro unapojirudia. Upande mmoja ukiwa umepauka, ni chapa ya kawaida, isilipiwe bei ya wax. Si kwamba haifai: libaya lenye mikono ya puto na kiuno kilichokatwa sawasawa hupendeza kwa chapa ya kawaida, na libaya lililokosewa kifuani halitaokolewa na Uholanzi yote. Mitumba huchangia hapa kwa namna isiyotazamiwa. Pazia la lesi hutoa mikono na kola. Shuka la kitanda kikubwa la pamba huwa na upana unaozidi mita 2, yaani kitambaa cha gauni zima, kwa bei ndogo kuliko ya mita moja dukani.

Yaliyobaki ni ya fundi, na yanasemeka haraka. Kiuno cha koti hupunguzwa kwa urahisi kwenye mishono ya ubavu na mgongo. Mikono hufupishwa, isipokuwa vifungo vya mwisho wa mkono vikiwa na matundu halisi, maana hapo kazi huanzia begani na bei hupanda. Bega halirekebishwi; fundi anayeahidi kulirekebisha kwa bei nafuu aagwe kwa heshima. Urefu wa koti uachwe ulivyo, kwa sababu likifupishwa mifuko na vifungo vitabaki mahali pabaya. Suruali hupunguzwa kiuno, hubanwa miguu, hukatwa chini. Kuipanua hutegemea akiba iliyoachwa kwenye mshono wa nyuma, ambayo hutazamwa kabla ya kulipa. Matundu ya nondo yatafutwe kwa kuinua kitambaa kuelekea jua. Kitambaa chenye vijipovu kifuani mwa koti kimeachana na gundi ya ndani na hakitarudi.

Namba za saizi zisiaminiwe. Gauni la 38 la Ufaransa ni 42 kwa Waitalia, 36 kwa Wajerumani na 10 kwa Waingereza, na aliyelivaa kwanza huenda alilipunguza. Tepu ndiyo husema kweli: vazi hulazwa, hupimwa kutoka kwapa hadi kwapa, na kipimo huzidishwa mara mbili; kwa koti, kizidi kifua cha mvaaji kwa sentimita 8 hadi 10.

Kisha kuna kufua. Chumvi kwenye maji ya kuloweka haizuii nguo kuchuja rangi. Kiwandani chumvi huisaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi. Nguo ikishatoka humo, chumvi haina kazi tena, na siki vilevile. Dawa ni maji baridi, nguo yenye rangi kali kufuliwa peke yake mara za kwanza, na kuianika kivulini. Sufi isitiwe maji ya moto hata kidogo.

Pasi ni ya lazima kwa kila kilichoanikwa nje, pindo na mishono ikiwemo, kwa sababu yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na mabuu yake huingia ngozini; joto huyaua. Koti la sufi hupigwa pasi likiwa limefunikwa kitambaa cha pamba kilicholowa, la sivyo hupata mng'aro usiotoka. Pasi ya makaa hupulizwa majivu mbali na nguo kabla ya kuanza. Na fundi apewe picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa kuwa picha ya mbele peke yake haionyeshi mgongo wa koti wala mahali suruali inapovunjika juu ya kiatu.