Umbali Usiotajwa: Fizikia ya Kulenga Shabaha kwa Bunduki ya Upepo

Mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10 yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Katika mashindano hayo mpigaji husimama ndani ya jengo. Umbali wa shabaha anaujua, upepo haupo, na alama ya katikati anayoitafuta siku hizi ina kipenyo cha nusu milimeta tu. Upo mchezo mwingine wa bunduki ya aina hiyo hiyo, ambao tundu la kulengwa laweza kuwa na kipenyo cha milimeta 40, yaani mara themanini ya alama ile, na bado mabingwa hukosa. Mchezo huo huchezwa porini, na mpigaji hatajiwi umbali.

Mchezo huu wa pili ulianzia Uingereza. Shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 1980 huko Magham Down, katika jimbo la Sussex, na tangu hapo klabu nyingi za wenyeji zimeanzishwa katika nchi mbalimbali. Shabaha ni bamba la chuma lililokatwa kwa umbo la mnyama au ndege, lenye tundu la duara, na nyuma ya tundu pana kipande kidogo cha chuma. Risasi ikipita tunduni na kukigonga kipande hicho, bamba huanguka. Ikigonga ukingo, bamba husimama vile vile. Kisha mtu huvuta kamba na kuliinua tena. Shabaha hutawanywa kati ya mita 10 na mita 50 hivi, nyingine bondeni, nyingine kivulini mwa miti. Vyombo vya kupimia umbali kwa mwali wa leza haviruhusiwi. Mchezaji ana macho yake na darubini iliyofungwa juu ya mtutu, basi.

Kwa mwanafunzi wa fizikia ni vizuri kuuhamishia mchezo huu, kwa mawazo tu, mahali anapopafahamu. Na tuchukue rweya, yaani zile nyika za majani zilizo nje ya vibanja vya migomba, juu ya ghuba ya Kemondo, kusini ya mji wa Bukoba. Mpigaji ameketi chini akitazama kaskazini, na Ziwa Viktoria liko kuumeni kwake.

Bunduki ya upepo haina baruti. Hewa iliyoshindiliwa, ama na springi ama ndani ya chupa ya chuma, huisukuma punje ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimeta 4.5 na uzito wa gramu 0.55 hivi. (Kiswahili kimeipa silaha jina la madini yake, lugha nyingi hazikufanya hivyo.) Ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 240 kwa sekunde, punje hiyo ina nishati ya karibu juli 16. Nishati hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya bunduki ya vita, lakini inatosha kabisa kulipasua jicho la mtu. Jiwe la manati nalo hupofusha, na manati yamo mifukoni mwa watoto wengi kuliko bunduki. Kwa sababu hiyo majaribio yaliyoelezwa hapa hayahitaji kurusha kitu chochote. Tena madini ya risasi ni sumu: wenye kuishika punje kwa vidole hunawa kabla ya kula, na kuiweka mdomoni ni hatari.

Punje ikishatoka mtutuni huanza kuanguka papo hapo, kama jiwe lililoachiwa mkononi. Kasi ya kwenda mbele haizuii mvutano wa dunia. Tukiacha kwanza ukinzani wa hewa, punje hufika mita 10 kwa sekunde 0.042, na katika muda huo huanguka chini ya sentimeta moja. Hufika mita 30 kwa sekunde 0.125, ikiwa imeanguka sentimeta 7.7, na mita 50 kwa sekunde 0.208, ikiwa imeanguka sentimeta 21. Umbali umezidishwa mara tano, anguko limezidishwa mara ishirini na tano. Kwa hiyo mpigaji huuinua mtutu kidogo, na kiasi cha kuuinua hutegemea umbali anaoudhani.

Hapa ndipo makosa yanapoingia. Mtu amedhani shabaha iko mita 45, akainua mtutu kwa anguko la sentimeta 17.2; kumbe iko mita 50. Mstari wa mtutu utakuwa umepanda sentimeta 19.1 utakapofika kwenye bamba, na punje itakuwa imeanguka sentimeta 21.3. Itapita sentimeta 2.2 chini ya kitovu cha tundu. Nusu kipenyo cha tundu kubwa kabisa ni sentimeta 2. Amekosa, ingawa mkono haukutetemeka wala jicho halikudanganyika. Ukinzani wa hewa huizidisha hitilafu hiyo. Darubini kukaa juu ya mtutu huipunguza kidogo, lakini haitoshi kumwokoa.

Je, umbali atauonaje? Kwa kuzungusha gurudumu la darubini mpaka sura ya shabaha iwe wazi, kisha kusoma namba iliyoandikwa kwenye gurudumu. Walimu wataitambua kanuni ya lenzi: kitu kikisogea, sura yake nayo husogea. Tuseme lenzi ya mbele ina urefu wa fokasi wa sentimeta 20. Kitu kikiondolewa kutoka mita 10 hadi mita 20, sura husogea milimeta 2, jambo ambalo gurudumu hulionyesha bila taabu. Kikiondolewa kutoka mita 45 hadi mita 50, sura husogea milimeta 0.09, karibu sawa na unene wa karatasi ya kuandikia. Yaani kadiri shabaha inavyokuwa mbali, ndivyo kipimo cha umbali kinavyozidi kufifia, na ndivyo anguko la punje linavyozidi kuongezeka kwa haraka. Makosa haya mawili hukutana mahali pamoja, na huko ndiko watayarishaji wa mashindano hupenda kuweka shabaha zao ngumu.

Upepo nao una mambo yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi. Kwa hiyo mpigaji wetu wa Kemondo hupulizwa kutoka kuume. Wengi hukadiria hivi: upepo ni mita 3 kwa sekunde, punje hukaa hewani sekunde 0.23, basi itasukumwa sentimeta 69. Hesabu hii si sahihi. Hewa huishika punje kwa njia ya ukinzani tu. Pasipo ukinzani, upepo usingeisogeza hata kidogo. Kinachohesabiwa ni muda uliopotea kwa sababu ya hewa. Punje inayofika mita 50 ikiwa na kasi ya mita 195 hivi kwa sekunde hutumia sekunde 0.232 badala ya 0.208. Tofauti ni sekunde 0.024, nayo ikizidishwa kwa mita 3 hutoa sentimeta 7 kuelekea kushoto. Hizo nazo zinatosha kulikosa tundu lolote.

Mpigaji wa Kemondo ana nafuu moja kuliko wa Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Ukinzani hupungua kwa kadiri hiyo, na kupeperushwa hupungua vilevile. Anayetoka pwani na hesabu zake daftarini yampasa azifanye upya.

Jambo la kupima umbali laweza kuonyeshwa uwanjani mwa shule kwa kipimapembe, kamba na mambo mawili. Mambo hizo zichomekwe mita 2 mbalimbali, na kutoka mambo ya kwanza mstari wa kutazamia mti au mlingoti ufanye pembemraba na ule wa mambo mbili. Mwanafunzi asimame kwenye mambo ya pili na kupima ni digrii ngapi mstari wa macho yake umepinda. Mti ulio mita 10 utatoa digrii 11.3, na wa mita 15 digrii 7.6; hao hawawezi kuchanganywa. Lakini wa mita 45 utatoa digrii 2.5, na wa mita 50 digrii 2.3, tofauti ambayo kipimapembe cha darasani hakiioni. Lenzi ya darubini hufanya kazi hiyo hiyo, ila mambo zake mbili ni kingo za kioo chake, sentimeta 5 tu mbalimbali.

Dawa yake ni kuurefusha msingi. Mambo zikiwekwa mita 10 mbalimbali, tofauti kati ya mita 45 na mita 50 hufikia digrii 1.2, na kipimapembe chaisoma. Wapimaji wa tume ya mpaka ya Waingereza na Wajerumani, waliofanya kazi magharibi ya ziwa kati ya mwaka 1902 na 1904, walitumia pembetatu za namna hiyo, zenye pande za kilometa nyingi, kutoka kilima hadi kilima. Shule zilizo kando ya ziwa mjini Bukoba zina Kisiwa cha Musira mbele yao. Msingi wa mita 200 ufukweni, uliopimwa kwa kamba mara mbili ili kuhakikisha, unatosha kujua kisiwa hicho kiko umbali gani bila mtu kupanda mtumbwi.