ALIYEKATWA UTUMBO ASINYIMWE CHAKULA

Na Bwana Shamba

Pengine kijijini kwenu yuko mtu aliyekatwa utumbo hospitalini. Utumbo wake ulijisokota. Au uliingia kwenye ngiri, ukabanwa. Damu haikupita, na sehemu ile ikafa. Madaktari waliikata, wakaunganisha sehemu nzima zilizobaki.

Mtu huyu akirudi nyumbani, watu husema, "Utumbo umepungua. Asile, atauchosha." Hupewa uji mwepesi tu, miezi mingi. Hivyo sivyo. Tuone kwa nini.

UTUMBO UNA KITALU CHAKE

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Ndani yake mna ngozi laini. Ngozi hiyo ina vidole vidogo mno, vingi kama nyasi. Vidole hivyo hunyonya chakula na kukiingiza katika damu.

Chini ya vidole kuna vishimo. Vishimo hivyo ni kama kitalu cha miche. Humo huzaliwa chembe hai mpya kila siku. Chembe hizo hupanda polepole mpaka kwenye ncha ya kidole. Zikifika huko huwa zimezeeka, nazo hudondoka. Safari hiyo huchukua siku 3 hadi 5. Kwa hiyo ngozi ya utumbo wako leo siyo ile ya wiki iliyopita.

SEHEMU IKIKATWA

Utumbo wa mtu mzima ukikatwa, hauoti tena ukawa mrefu kama zamani. Lakini sehemu iliyobaki huongeza kazi. Kitalu hutoa chembe nyingi zaidi. Vidole hurefuka. Utumbo hupanuka. Kazi hiyo huanza siku chache baada ya kukatwa. Huweza kuendelea mwaka 1 au 2.

Sisi wakulima tunalifahamu jambo hili. Aliyebaki na shamba dogo hulitunza zaidi. Huweka samadi, hupalilia mapema, naye hupata mavuno ya kutosha.

Samadi ya utumbo ni chakula. Chakula kinapopita ndani yake, ndipo kitalu kinapoamka. Chakula kisipopita, vidole havikui vizuri. Ukimnyima mgonjwa chakula, umeunyima utumbo wake samadi.

TUFANYE NINI?

1. Siku za kwanza baada ya kupasuliwa, tufuate maagizo ya daktari. Yeye ndiye atakayesema mgonjwa aanze kula lini.

2. Akisharuhusiwa, ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Ale ugali, wali, ndizi, mayai, samaki na nyama laini. Atafune vizuri.

3. Akiharisha, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Asipewe soda wala vinywaji vitamu sana. Hivyo huongeza kuharisha.

4. Asiache kwenda kliniki. Mtu aliyekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huweza kukosa vitamini B12. Huyo huhitaji sindano za vitamini hiyo. Aliyekatwa sehemu kubwa sana huhitaji uangalizi wa daktari kwa muda mrefu.

TUSINGOJE

Ni heri utumbo usikatwe kabisa. Mwenye ngiri aangalie dalili hizi: uvimbe haurudi ndani, unauma sana, anatapika, hapati choo wala hatoi hewa. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Tusikande uvimbe. Tusimpe dawa ya kuendesha. Utumbo uliobanwa hufa kwa saa chache. Anayefika mapema huweza kutibiwa bila kukatwa utumbo.

Na yule aliyekwisha katwa, tumkaribishe mezani. Utumbo wake unajijenga. Tumpe chakula ujijenge vizuri.