Utangulizi: Kisu Bila Mvukuto

Chukua msumeno wa mbao uliochakaa, meno yameisha na mpini umepasuka. Ukunje polepole hadi ufanye upinde, kisha uachie. Utanyooka kama ulivyokuwa. Tabia hiyo haikuja yenyewe. Kiwandani, bapa hilo lilipashwa moto hadi likaiva wekundu, likapozwa ghafla likawa gumu na jepesi kuvunjika kama kigae, halafu likapashwa tena kwa moto mdogo ili lipate unyumbufu. Kazi ya mhunzi imekwisha fanyika. Asiye na mvukuto wala fuawe naye anaweza kutengeneza kisu cha feleji: kazi yake ni kuulinda moto uliokwisha pita.

Fani ninayokukaribisha ni ya kupunguza chuma, si ya kukifua. Unachora umbo la kisu juu ya bapa, unakata kwa msumeno wa chuma, kinachobaki ni tupa, msasa, kinoo na subira. Lakini chuma kipi? Ugumu hutokana na kaboni. Misumeno ya zamani huwa nayo takriban asilimia 0.7 au zaidi. Nondo ya kawaida haifiki nusu ya hapo, na ukiinoa siku nzima makali yatajikunja mara tu yakianza kazi. Jaribu kwa tupa. Kwenye nondo inazama, kwenye tupa mwenzake inateleza, kwenye msumeno inauma kwa shida, kwa sababu msumeno uliundwa uwe mgumu bila kuishinda tupa ya kuunolea. Misumeno mingi ya siku hizi meno yake yamegumishwa zaidi ya bapa na tupa haiyawezi. Yakate uyatupe, bapa linafaa.

Wengi hupotelea kwenye grenda. Chuma kilichong'arishwa kikipata joto hubadilika rangi: manjano ya nyasi kavu karibu nyuzijoto 220, kisha zambarau, buluu karibu 300, mwisho kijivu. Kisu changu cha kwanza kilikuwa kimebakiza ncha tu. Nikakandamiza kidogo zaidi, doa la buluu likachomoza, na kabla sijaondoa mkono likawa kijivu, ukubwa wa ukucha. Nililisugua kwa msasa likatoweka machoni, lakini ncha ilikuwa imelainika na haikushika makali tena. Siku hizi ndoo ya maji iko miguuni pangu, na bapa nalishika kwa vidole vitupu: likianza kuniunguza, nalichovya. Miwani sivui. Ukiwa na nafasi, acha grenda kabisa. Tupa ni ya polepole, ila haiwezi kuunguza kisu.

Tutaanza na kisigino cha msumeno, pale mpini wa zamani ulipofungwa. Ndipo bapa lilipo pana kuliko kwingine, na matundu ya skrubu yamo tayari. Chora kisu chako hivi kwamba msuka uyaangukie matundu hayo, nawe utapitisha pini za mpini mpya bila kuhangaika kutoboa chuma kigumu.